Karamojo Bell: Mwindaji aliyeua tembo zaidi ya 1,000 na kuaminiwa kwa kidole chake kuliko bunduki yake

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wazungu waliofuata pembe za ndovu Afrika Mashariki walibeba bunduki za mitutu miwili, nzito kama mzigo wa mpagazi, zenye risasi zilizofikia gramu 58. Walter Bell alibeba bunduki nyepesi ya komeo yenye risasi ya gramu 11 hivi, na wengi walimwona kama mtu aliyechoka kuishi.

Alizaliwa Scotland mwaka 1880 na kubaki yatima akiwa mtoto mdogo. Shule ilimshinda, bahari ikamchukua. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi alifika Mombasa na kupewa kazi ya kuua simba waliowasumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Hapo bunduki yake ya risasi moja ilimwachia funzo: katika joto, ganda la risasi lilinasa ndani ya mtutu na halikutoka. Baada ya kupita Kanada na vita vya Makaburu, alirudi mwaka 1902 na kuelekea Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, eneo lililompa jina.

Silaha aliyoipenda ilikuwa Mauser ya milimita 7 iliyotengenezwa upya na Rigby wa London. Kifyatulio cha Mauser ya asili huvutwa kwa hatua mbili: kwanza kidole hukutana na ulegevu, kisha na ukinzani kabla ya risasi kutoka. Fundi huweza kupunguza ukinzani huo kwa kusugua vyuma vinavyoshikana ndani, ila akizidisha, komeo likifungwa kwa nguvu au bunduki ikigongwa, risasi hutoka yenyewe. Katika majani marefu, huku wenzako wakiwa nyuma yako, kosa hilo halisahihishwi.

Bell alitafuta wepesi huo katika mkono wake mwenyewe. Safarini aliibeba bunduki bila kumkabidhi mtumishi, akilenga jiwe au kichuguu cha mbali na kufyatua bila risasi, siku baada ya siku, mpaka kidole kikajua mahali hasa kifyatulio kinapoachia. Alipasua pia fuvu la tembo kwa msumeno ili kuona ubongo ulipokaa. Tembo aliyepigwa hapo huanguka papo hapo, na mara nyingi wenzake hawakukimbia, kwa kuwa mlio wa bunduki ndogo haukuwatisha sana.

Hapo ndipo ustadi ulipogeuka balaa kwa tembo. Bunduki iliyopunguza mateso ya mnyama mmoja ilirahisisha kuua kundi zima. Bell aliwalipa ng'ombe Wakaramojong waliomletea habari za madume wakubwa, na Pyjale, msaka nyayo wa huko, alimwongoza kwa maarifa ambayo hakuna fundi wa London aliyeweza kuyauza. Nyama ililiwa na wenyeji. Pembe zilikwenda pwani, na kutoka huko Ulaya, kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Baadaye alihamia Lado, karibu na Mto Nile, ambako sheria ilikuwa imelegea. Hesabu yake ilifikia tembo 1,011, takriban 800 kati yao kwa milimita 7.

Waliomwiga bila mazoezi yake walijeruhi wanyama, na baadhi yao walijeruhiwa. Nchi nyingi za Afrika baadaye ziliweka ukubwa wa chini wa risasi kwa wanyama hatari, kanuni ambayo Bell mwenyewe angekuwa mkosaji mbele yake.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alirudi ukanda huu akiwa rubani wa Uingereza, juu ya ardhi ya Tanganyika ya Wajerumani. Aliandika vitabu vya safari zake na kuvichorea picha. Alirudi Scotland, akawinda kulungu milimani kwa bunduki yenye risasi ndogo zaidi, na akafariki huko mwaka 1954.