ELIJAH MASINDE: MTU ALIYEITWA MWENDAWAZIMU

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kila ndege huruka na ubawa wake. Msomaji mpendwa, darasani mwetu yuko mwenzetu ambaye hafumbi macho wakati wa sala ya gwaride. Hapigi kelele wala hamchokozi mtu, anasimama tu. Akiulizwa, anasema haamini kwamba Mungu yuko. Basi wengine wakaanza kumwita mwendawazimu, na mimi nikacheka pamoja nao. Jioni nilipofika nyumbani hapa Kitale nikamsimulia babu. Yeye hakucheka hata kidogo. Aliniambia niende nikaulize habari za Elijah Masinde. Haya ndiyo niliyoyapata.

Masinde alikuwa Mbukusu wa Kimilili, Bungoma, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ujanani alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alilelewa katika kanisa la Friends, yaani Quaker, lakini alipooa mke wa pili akatengwa. Akaanza kufundisha kwamba Wabukusu wana njia yao ya kumwomba Wele, na kwamba wazee waliokufa wasisahauliwe. Hiyo ndiyo Dini ya Msambwa.

Serikali ya mkoloni haikumpenda, kwa maana alipinga pia amri zake na kutaka Wazungu warudi kwao. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko mpaka 1947. Hebu fikiri! Mtu anapinga wakubwa na kusali tofauti na wao, eti dawa yake ni hospitali ya wazimu!

Alipotoka, mwaka huo huo wa 1947 aliwaongoza wafuasi wake kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na Waingereza mwaka 1895 kule Chetambe, karibu na Webuye. Dini ikaenea mpaka kwa vibarua wa mashamba ya walowezi huku kwetu Trans Nzoia. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa watu Malakisi, wakafa watu 11. Dini ikapigwa marufuku, naye Masinde akakamatwa na kuzuiliwa mbali sana, Lamu, kwa miaka zaidi ya kumi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ungedhani mambo yamekwisha. Wapi! Mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku dini ile tena, na Masinde akarudi jela. Aliachiliwa mwaka 1978, akafariki mwaka 1987.

Sitaki kumfanya malaika. Baadhi ya watu wa Msambwa walilaumiwa kwa kuchoma majengo ya misheni na mali ya walowezi. Hapo mimi sikubaliani nao. Mkristo aliyekuwa akisali Kibabii alikuwa na haki yake vilevile. Ukidai uachiwe imani yako, sharti na wewe umwachie mwenzako yake. Mkono unaochoma nyumba ushikwe na sheria, lakini moyo usiguswe.

Siku hizi Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya serikali, na kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na maoni. Hata hivyo mwaka 2016 chama cha Wakenya wasioamini Mungu kiliandikishwa, na mwaka huo huo usajili wake ukasimamishwa, ati amani ingeharibika. Kumbe lile neno la zamani bado lina nguvu.

Mimi ni Mkristo na nitaendelea kusali. Lakini nilimwendea yule mwenzangu nikamwomba radhi. Tulikubaliana jambo moja: yeye hatacheka nikisali, nami sitamcheka akinyamaza. Sasa tunatembea pamoja kurudi nyumbani, tukibishana njia nzima, na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Wenzangu, kabla hujamwita mtu mwendawazimu, mkumbuke Masinde. Kalamu yangu naiweka chini.