Joseph Justus Scaliger

Joseph Justus Scaliger (Agen, Ufaransa, 5 Agosti 1540 – Leiden, Uholanzi, 21 Januari 1609) alikuwa mtaalamu wa lugha za kale na wa historia. Anakumbukwa hasa kwa kubuni hesabu moja ya miaka inayounganisha kalenda za mataifa mbalimbali.

Maisha

Baba yake, Julius Caesar Scaliger, alikuwa tabibu na mwandishi kutoka Italia. Baada ya kifo cha baba mwaka 1558, Joseph alikwenda Paris, alikojifunza Kigiriki, Kiebrania na Kiarabu. Alijiunga na Waprotestanti wafuasi wa Calvin. Waprotestanti wengi wa Ufaransa walipouawa mwaka 1572, alikimbilia Geneva, akafundisha huko hadi 1574. Tangu mwaka 1593 aliishi Leiden, ambako chuo kikuu kilimwajiri bila kumdai atoe mihadhara. Hugo Grotius alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Hesabu ya miaka

Wagiriki, Warumi, Wayahudi, Waajemi na Waarabu walitumia kalenda tofauti, hivyo ilikuwa vigumu kujua tukio lipi lilitangulia. Katika kitabu De emendatione temporum (1583) Scaliger alizidisha mizunguko mitatu: miaka 28 ya jua, 19 ya mwezi na 15 ya kodi ya Kirumi. Alipata kipindi cha miaka 7,980 kinachoanza mwaka 4713 KK. Alikiita cha Juliasi kwa sababu kinafuata miaka ya kalenda ya Juliasi. Wengi hudhani kimepewa jina la baba yake.

Mwaka 1606 alichapisha orodha ya wafalme wa Misri iliyoandikwa na Manetho, ingawa ilirudi nyuma kuliko tarehe aliyokadiria mwenyewe kuwa ya uumbaji wa dunia.

Matumizi ya leo

Mwaka 1849 mwanaastronomia John Herschel alipendekeza kuhesabu siku mfululizo tangu mwanzo wa kipindi hicho, kila siku ikianza saa 6 mchana. Wanaastronomia bado hutumia hesabu hiyo. Kompyuta za Unix nazo huhesabu sekunde tangu saa 6 usiku ya kuamkia 1 Januari 1970, kwa saa za ulimwengu (UTC). Ili kubadilisha, mwandishi wa programu hugawanya sekunde hizo kwa 86,400, kisha hujumlisha 2,440,587.5. Jibu ni idadi ya siku tangu mwanzo uliowekwa na Scaliger.