Philip Henry Gosse

Philip Henry Gosse (Worcester, 6 Aprili 1810 – Torquay, 23 Agosti 1888) alikuwa mwanabiolojia na mwandishi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kueneza ufugaji wa viumbe wa baharini katika matangi ya kioo.

Maisha

Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani huko Newfoundland, akalima Kanada na kufundisha shule Alabama. Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, aliyefariki kwa saratani mwaka 1857. Mtoto wao Edmund Gosse alikuwa mwandishi.

Kazi

Mwaka 1852, kwenye pwani ya Devon, alijaribu kufuga wanyama katika maji ya bahari yasiyobadilishwa. Aliweka pamoja nao mwani hai: mwani ukipata mwanga hutoa oksijeni inayohitajiwa na wanyama, na kutumia dioksidi kabonia wanayoitoa. Mwanakemia Robert Warington alikuwa ameshafaulu hivyo kwa maji baridi, akiongeza konokono wa kula majani yaliyooza.

Gosse alikusanya viumbe wengi kwa ajili ya nyumba ya samaki iliyofunguliwa London mwaka 1853. Mwaka 1854 alitoa kitabu The Aquarium. Hadi leo wafugaji wa matumbawe hutumia mwani kupunguza nitrati na fosfati majini.

Athari

Vitabu vyake viliwavuta watu wengi pwani kukusanya viumbe, hata vidimbwi vya miambani vikaharibiwa. Katika Father and Son (1907) Edmund alieleza kwamba jambo hilo lilimhuzunisha sana baba yake.