Hugh Tracey: Mtu aliyeinasa sauti ya ligombo la Wahehe

WAPENZI wa muziki wanapokutana hawakosi la kubishania. Mmoja atasifu mashine ya CD ya Sony, mwingine ataapa kwamba hakuna iliyowahi kuishinda Philips au Marantz, na wa tatu atadai kuwa tangu santuri zilipoachwa hakuna muziki tena ila kelele. Ubishi huo una utamu wake, ingawa leo simu ya mkononi imekwisha kuzisukuma kabatini nyingi kati ya mashine hizo.

Jambo linalosahaulika katika mabishano hayo ni kwamba mashine, hata ikiwa ya bei gani, haiwezi kutoa sauti ambayo haikuingizwa. Anayeiingiza ni mtu mwingine, ambaye pengine amekwisha kufa zamani, aliyesimama mbele ya mwimbaji akiwa na kipaza sauti mkononi.

Kwa muziki wa asili wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, mtu huyo ni Mwingereza Hugh Tracey. Miongoni mwa kazi alizoziacha zimo nyimbo na ala za Wahehe, watu wa Iringa na wa wilaya ya sasa ya Kilolo. Anayetaka kujua babu zetu walivyopiga ligombo zaidi ya miaka 70 iliyopita hana budi kupitia mlangoni kwake.

Tracey alizaliwa Januari 29, 1903 katika kijiji cha Willand, Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Hakusomea muziki wala ufundi wa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bado kijana mdogo, alisafiri hadi Rhodesia Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, kumsaidia kaka yake aliyekuwa na shamba la tumbaku.

Shambani huko alifanya kazi bega kwa bega na vibarua wa Kikaranga. Alijifunza lugha yao, kisha nyimbo zao. Walowezi wenzake waliziona nyimbo hizo kuwa kelele za washenzi. Yeye alisikia ndani yake elimu, mpangilio na hekima, akastaajabu kuona kwamba hakuna aliyejishughulisha kuzihifadhi.

Mwaka 1929 alichukua vijana 14 wa Kikaranga, akasafiri nao hadi Johannesburg, mwendo wa mamia ya kilomita. Huko walikuwapo mafundi wa kampuni ya santuri ya Columbia kutoka London. Rekodi walizofanya vijana wale zinahesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza za muziki wa asili wa eneo hilo.

Aliporudi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, watunzi mashuhuri wa huko, Ralph Vaughan Williams na Gustav Holst, walimtia moyo aendelee na kazi hiyo. Baadaye alipata fedha za mfuko wa Carnegie, akafanya utafiti wa muziki wa Rhodesia Kusini.

Fedha zilipokwisha, Tracey alilazimika kutafuta ajira. Mwaka 1934 aliingia katika utangazaji wa redio nchini Afrika Kusini, na kuanzia mwaka 1936 aliongoza studio za Durban kwa zaidi ya miaka 10. Katika kipindi hicho alikwenda mara kwa mara Msumbiji kwa Wachopi, mafundi wakubwa wa timbila. Kitabu chake kuhusu wanamuziki hao kilichapishwa mwaka 1948.

Redio ilimfundisha jambo ambalo wasomi wengi wa muziki hawakulijua, nalo ni kuchagua mtambo na kuutumikisha. Katika miaka hiyo sauti ilichongwa moja kwa moja juu ya sahani. Mpigaji akikosea, au jogoo akiwika katikati ya wimbo, sahani imeharibika na hakuna namna ya kufuta.

Mwaka 1947 aliacha kazi ya redio. Mfanyabiashara wa santuri Eric Gallo alikubali kugharimia safari zake, na Tracey akaanza kuzunguka Afrika akiwa na gari lililosheheni mitambo. Jenereta iliwekwa mbali na waimbaji, waya mrefu ukavutwa, ili mngurumo wake usiingie katika rekodi. Tepu zilipopatikana, zilimrahisishia kazi iliyokuwa ngumu kwa sahani.

Hata hivyo, siri yake kubwa ilikuwa mkono. Hakupenda kusimika kipaza sauti mahali pamoja na kukaa pembeni. Alikishika mwenyewe, akasogea karibu na mwimbaji kiongozi, akageukia waitikiaji, kisha akakirudisha kwenye ala ilipofika zamu yake. Kazi ambayo leo fundi huifanya studioni kwa vitufe, yeye aliifanya kwa hatua za miguu na kwa mkono ulionyooshwa.

Kwa sababu hiyo, anayesikiliza rekodi hizo kwa mashine ya CD na spika mbili asitarajie ngoma kutoka kulia na kayamba kutoka kushoto. Sauti iliingia kwa njia moja, nayo hutoka ileile katika spika zote mbili. Kinachozitofautisha na rekodi nyingine za wakati wake ni ukaribu. Msikilizaji husikia pumzi ya mwimbaji na kucha ya mpigaji inapogusa uzi.

Mwaka 1950 Tracey alifika Afrika Mashariki. Alirekodi Kenya, Uganda na Tanganyika, kuanzia bendi za dansi za mijini hadi ngoma za vijijini. Katika Tanganyika alinasa muziki wa Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya, Wahehe na makabila mengine. Wilaya ya Kilolo haikuwapo wakati huo. Eneo lake lilikuwa sehemu ya Iringa, na lilimegwa kuwa wilaya mwaka 2002.

Kwa Wahehe alikuta ligombo. Hii ni ala iliyochongwa kwa mti na kufukuliwa mfano wa hori, ambayo uzi mmoja mrefu hupitishwa juu yake kwenda na kurudi hadi ukawa nyuzi kadhaa. Sauti yake ni ya upole. Haikutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mkutano, bali kwa mtu anayeimba habari za watu wake huku wachache wamemzunguka. Ala ya namna hiyo ndiyo hasa iliyohitaji mkono wa Tracey, kwa kuwa kipaza sauti kikiwekwa mbali, upepo na mazungumzo ya watu huimeza.

Safari hiyohiyo ilimpa kisa ambacho kila mpenda mashine za muziki angefaa kukijua. Miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya alikuta wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini pamoja na gramafoni. Waliosikia sauti bila kumwona mwenye sauti walimfikiria kuwa kiumbe nusu mtu na nusu paa. Ndivyo mashine ilivyompa mwili mpya mtu wa mbali, na wasichana wakamtungia wimbo wao.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, akiwa Jadotville huko Kongo, mji unaoitwa Likasi hivi leo, alimrekodi kijana mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Gitaa la Bosco, lililopigwa kwa vidole na kuandamana na nyimbo za Kiswahili, lilienea hadi Kenya na Tanganyika na kuwafundisha wengi.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Kutokana na hazina hiyo alitoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200, ukiwa na orodha inayoeleza jina la mwanamuziki, lugha, ala na maana ya wimbo. Alipima hata namna kila ala ilivyolinganishwa, kwa kutumia seti ya uma za chuma zinazotoa sauti maalumu zinapogongwa. Alifahamu kuwa bila vipimo hivyo, fundi wa kesho angechonga ala lakini asijue izungumze vipi.

Aidha, alianza kutengeneza na kuuza kalimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Kalimba zilienea Ulaya na Marekani, na wengi wanaozipiga leo hawajui kuwa asili yake ni vijiji vya Afrika.

Tracey aliaga dunia Oktoba 23, 1977. Mwaka uliofuata mwanawe, Andrew Tracey, aliihamishia maktaba hiyo Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Grahamstown unaoitwa sasa Makhanda. Ingali huko hadi leo.

Marehemu hakuishi kuiona CD. Philips na Sony ziliileta sokoni mwaka 1982. Ni sahani ya sentimita 12 inayosomwa kwa mwale wa leza, ambayo sauti yake hukatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde na kuandikwa kama tarakimu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya SWP ya Uholanzi, chini ya mwanamuziki Michael Baird, ilitoa rekodi za Tracey katika CD, zikiwamo za Tanganyika ya mwaka 1950. Mikwaruzo ya santuri ikaondoka, na ligombo likasikika kwa uwazi ambao wapenzi wa zamani hawakuwahi kuupata.

Lakini CD hizo pia zinafichua kasoro ambayo mashine yoyote haiwezi kuirekebisha. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, na Tracey aliwazoeza wanamuziki kumaliza ndani ya muda huo. Sahani ya CD ina nafasi ya zaidi ya dakika 70. Hata hivyo, wimbo ambao kijijini ungepigwa mpaka usiku wa manane umebaki dakika tatu tu, kwa kuwa kilichokatwa hakikuingia popote.

Yapo pia maswali mazito kuliko hayo. Tracey alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na kazi yake ilitegemea msaada wa makampuni na idhini ya serikali za wakati huo. Alipenda muziki aliouona kuwa halisi na usioguswa, akawa na mashaka na mchanganyiko wa mijini, ijapokuwa aliurekodi nao. Wachambuzi wamehoji malipo waliyopewa waimbaji, na wamehoji ni nani mwenye haki juu ya sauti iliyochukuliwa kijijini na kuuzwa ng'ambo.

Wahehe wanalielewa swali hilo kuliko wengi. Mtwa Mkwawa alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Fuvu lilirejeshwa mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga, baada ya zaidi ya nusu karne ya kusubiri. Ni mwaka uleule ambao maktaba ya Tracey ilianzishwa Roodepoort, ikiwa na sauti za Wahehe rafuni.

Ni kweli kwamba fuvu na wimbo si kitu kimoja. Fuvu lilinyang'anywa, na wimbo ulirekodiwa kwa ridhaa ya mwimbaji. Tena aliyerekodiwa hakupungukiwa sauti, alibaki nayo na kuendelea kuimba. Lakini wapigaji wanapokufa bila kurithisha, nakala iliyo mbali huwa ndiyo pekee, na hapo ndipo umbali unapogeuka kuwa hasara.

Njia ya kuziba pengo hilo imekwisha kuonekana. Katika miaka ya 2010 maktaba hiyo, kwa kushirikiana na mradi wa Singing Wells, ilirudisha nchini Kenya nakala za rekodi za mwaka 1950. Vijiji vilisikia nyimbo za wazee wao, zikiwamo zile za Wakipsigis, na wimbo wa Chemirocha ukarudi ulikozaliwa.

Mkoa wa Iringa unazo nyumba zinazofaa kuupokea urithi wa namna hiyo. Ipo makumbusho ya Kalenga, ipo Boma ya Iringa iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, na vipo vyuo vikuu mjini. Shule za Kilolo nazo zina watoto wanaofundishwa kwamba ligombo ni ala ya asili, ambao wangefaidika zaidi kama wangelisikia likipigwa na mikono iliyolirithi.

Hugh Tracey aliitumia karibu nusu karne ya maisha yake kuhakikisha kwamba sauti hizo hazipotei, na kwa hilo anastahili shukrani. Kazi iliyobaki si yake tena. Ni ya maofisa wa utamaduni, walimu, vituo vya redio na wenye mapenzi ya muziki, kuzileta nakala hizo mahali zinapofahamika maneno yake. Zikishafika, wapenzi wa mashine waendelee kubishana kwa raha zao ni ipi kati ya Sony na Philips inayoupiga vizuri zaidi uzi wa ligombo.