Agatha Christie, mama wa mafumbo: mama mzee wa kijiji aliona kile polisi hawakuona

Karibu kila mtaa kuko mama mzee mmoja ambaye watu wanamsalimia tu na kupita. Anakaa mbele ya nyumba yake, anachambua mboga ao anafuma sweta, na watu wanaendelea kuzungumza habari zao mbele yake kama vile hayuko. Siku jambo linatokea, polisi wanazunguka parseli zote wakiuliza. Yule mama alishajua tangu asubuhi, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mwandishi mmoja wa Uingereza alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya mama wa namna hiyo. Jina lake ni Agatha Christie. Alikufa miaka mingi iliyopita, tarehe 12 Januari 1976, lakini vitabu vyake vingali vinauzwa kila pahali. Inakadiriwa kwamba nakala zilizouzwa zinapita bilioni 2. Waliosoma kwa Kifaransa wanavijua kwa jalada la manjano la Le Masque, ile safu ya vitabu iliyoanza Paris mwaka 1927 na kitabu chake kuwa namba 1.

Mtoto wa nyumbani

Alizaliwa Agatha Miller, tarehe 15 Septemba 1890, katika mji wa Torquay, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake, Frederick, alikuwa Mmarekani. Mama yake, Clara, alikuwa na mawazo yake mwenyewe juu ya kulea: aliamua kwamba huyu kitinda mimba asijifunze kusoma mpaka afikishe miaka 8. Mtoto hakungoja. Kwenye miaka 5 alikuwa anasoma tayari, bila mtu kumfundisha.

Dada yake Madge na kaka yake Monty walikuwa wakubwa sana kwake. Yeye alibaki nyumbani na mama, na wafanyakazi wa nyumba, na nyanya zake. Nyanya mmoja aliyekuwa anaishi Ealing, upande wa London, alikuwa na tabia yake: aliwaza mabaya juu ya kila mtu, na mara nyingi ilionekana mwishoni kwamba alikuwa na haki. Agatha hakumsahau.

Baba alikufa mwaka 1901, na feza ikapungua nyumbani. Agatha alikuwa na miaka 11. Masomo ya darasani alipata kidogo tu. Baadaye alipelekwa Paris, akajifunza piano na kuimba, lakini haya ilikuwa inamzidi nguvu mbele ya watu, na mambo ya jukwaa yakaishia hapo. Alikuwa mtu wa kukaa pembeni, kusikiliza na kuweka moyoni.

Kosa la mfarmasia

Vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Agatha alijitolea kuuguza askari katika hospitali ya Torquay. Siku ya mkesha wa Noeli mwaka huo akaolewa na Archibald Christie, mwanajeshi wa ndege. Kisha kazi ya uuguzi, alihamishwa kwenye chumba cha dawa. Hapo ndipo alijifunza sumu: ni kiasi gani kinaponya, ni kiasi gani kinaua.

Ili apite mtihani, alienda kujifunza pia kwa mfarmasia mmoja wa mjini, mtu aliyejiamini sana. Siku moja yule mkubwa alikuwa anatengeneza dawa, akakosea hesabu kwa nukta moja. Dawa ikawa na nguvu mara kumi. Agatha aliona. Lakini wakati ule msichana wa mafunzo alikuwa hawezi kumwambia bwana mkubwa kama huyo kwamba amekosea. Basi akajifanya amejikwaa, akaangusha sinia yote, akazikanyaga zile dawa mpaka zisifae tena. Akaomba musamaha kwa uzembe wake, na dawa zikatengenezwa upya.

Hiyo habari aliisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka baada ya kifo chake. Ndani yake mambo yote ya vitabu vyake yako tayari: kosa dogo linaloweza kuua mtu, mkubwa asiyeliona, na mtu mdogo aliyeliona.

Ilikuwa katika ile farmasi, kati ya chupa, ndipo alipima kuandika riwaya ya uchunguzi. Madge alikuwa amemwambia zamani kwamba hataweza. Torquay ilikuwa imepokea wakimbizi wa Ubelgiji waliokimbia jeshi la Ujerumani, na hao ndio walimpa wazo la Hercule Poirot, polisi mzee wa Kibelgiji aliyekimbia vita, kichwa chake kama yai na masharubu yamepangwa vizuri. Wachapishaji kadhaa walikataa kile kitabu. Mwishowe kilitoka Marekani mwaka 1920, na Uingereza mwaka 1921. Feza aliyopata ilikuwa pauni 25.

Siku 11 za Desemba

Mwaka 1926 ulianza vizuri. Alikuwa na binti yake, Rosalind, mwenye miaka 6. Mwaka huohuo alitoa kitabu kilichofanya watu wabishane, juu ya kifo cha bwana Roger Ackroyd. Ndani yake kuko dada wa munganga, mama asiyeolewa, ambaye habari zote za kijiji zinamfikia bila yeye kutoka nyumbani. Agatha alimpenda huyo kuliko wote, na ndiye baadaye alifungua njia.

Halafu mambo yakageuka. Mwezi wa nne mama yake alikufa. Agatha alirudi Torquay kutoa vitu katika nyumba ya utoto wake, akifanya kazi mpaka usiku, hasinzii, hali vizuri. Mwezi wa nane mume wake akamwambia anapenda mwanamke mwingine, jina lake Nancy Neele, na anataka talaka.

Ijumaa tarehe 3 Desemba 1926, usiku, Agatha aliwasha gari na kuondoka nyumbani. Kesho yake gari lilikutwa Newlands Corner, karibu na mji wa Guildford, limeachwa pembeni ya mteremko. Koti lake la manyoya lilikuwa ndani. Yeye mwenyewe hapana.

Inchi nzima ilisimama. Mamia ya polisi, maelfu ya watu wa kujitolea, hata ndege, walimtafuta. Walivuta nyavu katika maji. Magazeti yaliandika kila siku, na wengi walianza kumwangalia mume kama muuaji. Arthur Conan Doyle, mwenye kuandika Sherlock Holmes, alipeleka glovu yake kwa mtu wa kuongea na mizimu. Dorothy Sayers, mwandishi mwingine wa mafumbo, alienda mwenyewe kuangalia pahali. Mabingwa wa hadithi za uchunguzi walishindwa.

Aliyemtambua hakuwa bingwa. Walikuwa watu wa bendi ya hoteli moja Harrogate, mji wa maji ya tiba kaskazini mwa Uingereza. Kila jioni walipiga muziki na kuona wageni ni nani. Tarehe 14 Desemba polisi walifika na mume wake. Agatha alikuwa amejiandikisha kwa jina la Teresa Neele, mtu wa Cape Town. Neele, jina la yule mwanamke mwingine.

Waganga walisema alipoteza kumbukumbu. Magazeti mengine yalisema ni mchezo wa kuuza vitabu. Watu wengine walisema alitaka kumwaibisha mume. Katika kitabu chake cha maisha, kirefu kabisa, zile siku 11 hazimo. Mama aliyewapa wasomaji jibu la kila fumbo, fumbo lake alienda nalo kaburini.

Miss Marple anazaliwa

Alibaki na mtoto, bila mama, ndoa ikielekea kwisha. Ilibidi feza ipatikane. Mwaka 1927 alimaliza kitabu kimoja kwa shida kubwa, kitabu asichokipenda, na alisema baadaye kwamba hapo ndipo aliacha kuandika kwa kujifurahisha, akaanza kuandika kama kazi. Talaka ilitoka mwaka 1928.

Mwezi wa Desemba 1927, mwaka mmoja baada ya inchi nzima kumkodolea macho, alitoa hadithi fupi katika gazeti moja. Watu sita wamekaa sebuleni jioni: mkubwa wa zamani wa polisi, mwanasheria, padri, mwandishi, mchoraji. Wa sita ni mwenye nyumba, mama mzee anayefuma karibu na moto. Wanasimuliana kifo kisichopatiwa jibu. Wakubwa wote wanakosea. Mama mzee ndiye anapata: sumu ilikuwa katika sukari ya rangi iliyonyunyiziwa juu ya chakula kitamu cha mwisho.

Huyo ni Miss Jane Marple wa kijiji cha St Mary Mead. Hana kazi ya serikali, hana bunduki, hana ofisi. Ana bustani, darubini ya kuangalia ndege, na meza ya chai. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930, na kwa jumla zikafika riwaya 12 na hadithi fupi 20. Ile tabia ya nyanya wa Ealing, ya kutoamini watu upesi, ni yake pia.

Njia yake ni rahisi. Akiona tajiri wa London, anakumbuka kijana wa duka la nyama kijijini aliyekuwa anadanganya kwa namna ileile. Kwake watu ni watu, kijijini ao mjini. Na kwenye chai watu wanasema. Hakuna anayejilinda mbele ya mama mzee anayemmiminia kikombe na kumuuliza juu ya magonjwa ya miguu.

Chai yenyewe Christie aliitumia kama mtego kwa msomaji. Katika kitabu kimoja cha mwaka 1953, tajiri anakunywa chai ofisini mwake na kuanguka. Wote wanakimbilia birika. Kumbe sumu aliila asubuhi nyumbani, katika jamu ya machungwa. Lakini si huyo tajiri aliyemfanya Miss Marple apande gari la moshi. Msichana wa kazi katika ile nyumba aliuawa pia, msichana aliyelelewa katika kituo cha watoto, ambaye Miss Marple mwenyewe alimfundisha kazi. Polisi walikuwa na kesi ya tajiri. Mama mzee alikuja kwa ajili ya msichana.

Maisha ya pili

Mwaka 1928 Agatha alipanda peke yake treni ya Orient Express, akafika Iraki. Aliporudi huko mwaka 1930, alikutana na Max Mallowan, mtafiti wa vitu vya kale, kijana kwake kwa miaka karibu 14. Walioana mwaka huohuo na wakakaa pamoja mpaka kifo. Kwa miaka mingi alimfuata kwenye mahema ya Siria na Iraki, akipiga picha na kuandika orodha. Huko Nimrud alisafisha pembe za ndovu za miaka elfu kadhaa kwa krimu yake ya kupaka uso.

Wakati wa vita ya pili alirudi kwenye farmasi, katika hospitali moja ya London, na usiku akaandika. Mwaka 1952 tamthilia yake The Mousetrap ilianza London, na mpaka leo hakuna tamthilia nyingine iliyochezwa muda mrefu hivyo. Haki zake alimpa mjukuu wake. Alipokufa alikuwa ametunga riwaya 66 za uchunguzi.

Si kila kitu aliona vizuri. Riwaya yake ya mwaka 1939, juu ya watu kumi katika kisiwa, ilitoka Uingereza na jina lenye neno la kudharau watu weusi. Marekani walilibadilisha mwaka 1940. Uingereza lilikaa mpaka miaka ya 1980, na kwa Kifaransa mpaka mwaka 2020, ndipo kikaitwa Ils étaient dix. Yule aliyejua jinsi mama mzee anavyopitwa kama kivuli hakuona kwamba wako watu wengine wanaodharauliwa hivyo, tena kwenye jalada la kitabu chake. Hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

Mtoto kutoka Qatar

Mwaka mmoja baada ya kuzikwa kwake Cholsey, mwaka 1977, mtoto mdogo kutoka Qatar aliletwa katika hospitali moja ya London. Alikuwa anazidi kuwa mbaya, na waganga hawakupata sababu. Muuguzi mmoja aliyekuwa anamwangalia alikuwa katikati ya kusoma The Pale Horse, riwaya ya Christie ya mwaka 1961. Miss Marple hayumo katika hicho kitabu, lakini imo sumu inayoitwa thaliamu, na alama yake: nywele zinatoka.

Nywele za mtoto zilikuwa zinatoka. Muuguzi hakuwa munganga, wala hakuna aliyemuuliza. Alisema hata hivyo. Wakapima, wakakuta ni thaliamu, kutoka dawa ya kuua wadudu na panya iliyotumiwa nyumbani kwao. Safari hii hakuna aliyelazimika kuangusha sinia. Wakubwa walimsikiliza muuguzi, na mtoto akapata nafuu.