Metchnikoff: Aliyegundua askari wa mwili ambao HIV huwageuza maficho

UKIDUNGWA na mwiba leo, kesho utaona nini? Ngozi imevimba, ina joto na inauma ukiigusa. Ukikaa nao siku mbili tatu, usaha huo. Wengi wetu hudhani hapo mwili umeshindwa. Kumbe hapo ndipo unapopigana, na usaha huo kwa kiasi kikubwa ni maiti za askari waliofia kazini.

Jamaa aliyetufumbua macho kuhusu askari hao aliitwa Élie Metchnikoff. Alifariki 1916, zaidi ya miaka 60 kabla ya dunia kusikia neno UKIMWI. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini mtu anayeishi na HIV humeza dawa kila siku, hata baada ya vipimo kuonyesha kwamba virusi havionekani tena, maisha ya mzee huyu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kijana mwenye haraka

Metchnikoff alizaliwa 1845 katika kijiji karibu na mji wa Kharkiv, Ukraine, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Kozi ya chuo kikuu ya miaka minne aliimaliza kwa miaka miwili. Akiwa na umri wa miaka 22 tu, tayari alikuwa mhadhiri mjini Odessa, na baadhi ya wanafunzi wake walimzidi umri.

Usidhani mambo yalimwendea shwari, lakini. Mkewe wa kwanza, Ludmila, aliugua kifua kikuu. Siku ya harusi yao 1869, ilibidi bibi harusi abebwe kwenye kiti hadi kanisani kwa sababu hakuwa na nguvu za kutembea. Metchnikoff alihangaika naye miaka minne, akimpeleka nchi zenye joto ili apate nafuu, lakini Ludmila alifariki 1873 kisiwani Madeira.

Alikata tamaa kiasi cha kujaribu kujiua. Akanusurika. Miaka kadhaa baadaye, mkewe wa pili, Olga, alipougua homa ya matumbo, Metchnikoff alijaribu tena, akanusurika tena. Olga naye akapona. Kazi iliyompa jina duniani aliifanya baada ya hayo yote, baada ya kuamini mara mbili kwamba maisha yamekwisha. Ikiwa nawe umefika mahali kama hapo, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, leo.

Mwiba wa waridi

Mwaka 1882 alijiuzulu Odessa. Mfalme wa Urusi alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia na siasa zilikuwa zimeingia chuoni hadi kazi ikawa haifanyiki. Akahamia Messina, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicily, Italia, pamoja na Olga na wadogo zake.

Siku moja wenzake wote walienda sarakasi kutazama sokwe wakicheza. Yeye akabaki nyumbani na hadubini yake. Alikuwa akichunguza watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Wakiwa wadogo, miili yao huwa kama kioo, kwa hivyo unaona kila kitu kinachoendelea ndani. Humo aliona seli zikitembea huku na huku.

Ghafla akajiuliza: je, seli hizi zikiwa walinzi? Kama ni walinzi, basi ukimdunga mnyama huyu mwiba, zitakimbilia pale pale. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi na kuiingiza chini ya ngozi ya vile viumbe. Usiku huo usingizi haukuja. Alfajiri alipotazama, seli zilikuwa zimeuzingira mwiba kama umati uliomzingira mwizi sokoni.

Seli hizo zikapewa jina la fagosaiti, yaani seli zinazokula, kutoka kwa Kigiriki. Zile kubwa aliziita makrofaji, walaji wakubwa. Unazo mwilini mwako sasa hivi, kwenye mapafu, ini, ubongo na chini ya ngozi, zikimeza vijidudu na kuvisaga.

Vita vya wasomi

Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake mjini Paris, na huko ndiko alikofanya kazi hadi kufa. Lakini si wote waliomkubali. Madaktari walikuwa wameona vijidudu ndani ya seli nyeupe za damu tangu zamani, na wengi walidhani seli hizo ni kama matatu: zinabeba vijidudu na kuvisambaza mwilini. Wengine, hasa Ujerumani, walishikilia kwamba ulinzi uko kwenye majimaji ya damu wala si kwenye seli.

Ubishi huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya tiba ikagawanywa kati ya Metchnikoff na Mjerumani Paul Ehrlich, aliyetafiti kingamwili zilizo kwenye damu. Leo tunajua kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Uzeeni Metchnikoff alikuwa akinywa maziwa yaliyoganda kila siku, kama mala yetu, akiamini yatamwongezea miaka. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 71, na majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi hiyo hiyo ya Pasteur.

Mwizi anayelala kambini

Sasa cheki hii. Mwaka 1983, katika taasisi hiyo hiyo, Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao walitenga kirusi ambacho baadaye kiliitwa HIV. Wawili hao walipata Nobel 2008, miaka 100 kamili baada ya Metchnikoff.

Na kirusi chenyewe kinafanya nini? Hakiwakwepi askari. Kinawafuata. Huingia kupitia kitasa kinachoitwa CD4, kilicho juu ya seli T, ambazo ni kama makamanda wa kinga, na pia juu ya makrofaji. Seli T nyingi zinazoambukizwa hufa. Makrofaji zinaweza kuishi muda mrefu zikiwa na virusi ndani, na kuvifikisha hadi kwenye ubongo. Yaani lile dai la wapinzani wa Metchnikoff kuhusu matatu, kwa HIV lina ukweli.

Seli yenyewe hainyamazi. Ina protini iitwayo APOBEC3G inayoharibu nakala ya jeni za kirusi. HIV huja na protini yake, Vif, inayoisukuma APOBEC3G kwenye mashine ya seli ya kusaga takataka. Seli ina kamba iitwayo tetherini, inayofunga virusi vipya mlangoni visitoke. HIV ina Vpu ya kuiondoa kamba hiyo. Seli pia ina mtindo wa kula uchafu wake wa ndani, na katika makrofaji, protini ya HIV iitwayo Nef huvuruga kazi hiyo ili virusi visisagwe. Kila kufuli ina ufunguo wake.

Baya zaidi, kirusi hupachika jeni zake ndani ya DNA ya seli. Baadhi ya seli hizo hulala kimya kwa miaka. ARV huzuia virusi kuzaana, lakini haziwezi kuving'oa humo. Ndiyo maana mtu akiacha dawa, mara nyingi virusi hurudi baada ya wiki chache.

Kwa hivyo, yule anayekuuzia unga wa kuongeza kinga akidai utatibu HIV, muulize: kuongeza askari kutasaidia vipi ilhali adui analala kambini mwao? Dawa zilizothibitishwa zipo, na katika hospitali za umma ARV hutolewa bila malipo. Ukihofia kwamba umeambukizwa, dawa za PEP zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Usingoje Jumatatu.

Na ukimwona rafiki yako akimeza tembe zake saa tatu usiku huku virusi vyake havionekani kwenye vipimo, jua kwamba akiendelea hivyo hawezi kumwambukiza mpenzi wake kupitia ngono. Usimuulize kwa nini bado anameza ilhali yuko sawa. Yuko sawa kwa sababu anameza.