Salme binti Said na malezi ya wachanga katika nchi ya ugeni

  

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kulikuta jina la Sayyida Salme binti Said katika makala ya Ijumaa. Huyu ni binti wa mfalme aliyetoka katika nyumba ya Kiislamu, akaolewa na Mjerumani, akabatizwa na kuitwa Emily Ruete. Simleti hapa ili awe kigezo cha dini. Namleta kwa sababu alilelewa katika nyumba yenye mikono mingi kuliko nyumba yoyote ya pwani hii katika zama zake, kisha yeye mwenyewe akalea wanawe katika nyumba ambayo upande wake haikuwa na jamaa hata mmoja. Hali hii ya pili wanaijua vyema mama wengi vijana wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta, ijapokuwa wao hawajavuka bahari.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Beit el Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, mahali ambapo kijito huingia baharini. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa nyara angali mtoto mdogo. Sayyid Said alipofariki safarini baharini mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai. Miongoni mwao alikuwamo Majid, ndiye yule aliyeanza kuujenga mji wetu huu wa Dar es Salaam pale Mzizima katika miaka ya 1860.

Katika kitabu alichokiandika baadaye, Salme ameeleza kwa kirefu jinsi mtoto mchanga alivyotunzwa katika majumba yale. Mtoto alikoshwa kwa maji ya uvuguvugu, akapakwa poda yenye harufu nzuri, kisha akanyooshwa mikono na miguu na kufungwa kwa kitambaa hadi mabegani, akafunguliwa kwa ajili ya kuogeshwa tu. Hali hiyo iliendelea hadi siku ya arobaini. Mtoto wa kike alitogwa masikio siku ya saba. Ikifika arobaini ananyolewa nywele, na nywele hizo hazitupwi ovyo. Walikuwapo wanyonyeshaji, walezi, mama wadogo, dada wakubwa, na watu wazima wa kila namna waliopita ukumbini na kumchukua mtoto kwa zamu. Anasema Mtoni peke yake ilikuwa na watu wapatao 1,000. Mzazi wa kike aliyejifungua hapo hakujiuliza nani atamshika mwanawe wakati yeye anaoga.

Hapa yatupasa kusema kweli. Mingi katika mikono ile ilikuwa mikono ya watumwa. Mwanamke aliyemnyonyesha mtoto wa mfalme aghalabu alikuwa na mtoto wake mwenyewe, na mtoto huyo alipata kilichobaki. Salme aliandika juu ya utumwa kwa namna ambayo leo hatuwezi kuikubali. Kwa hiyo tunapoisifu nyumba yenye watu wengi, tusifu ujamaa wake. Minyororo haina sifa.

Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua mama yake. Mwaka huo huo ndugu zake wawili, Majid na Barghash, waligombea ufalme, na Salme, binti wa miaka 15 hivi aliyekuwa amejifunza kuandika kwa siri, akawa katibu wa upande wa Barghash. Upande huo ulishindwa. Alipopatana tena na Majid, wale waliokuwa pamoja naye zamani walimkasirikia. Basi alikuwa mpweke katikati ya ukoo mkubwa, na katika upweke huo alifahamiana na jirani yake, mfanyabiashara kijana wa Hamburg aitwaye Heinrich Ruete. Akashika mimba. Jambo hilo sitalipamba wala sitalifukua zaidi ya hapo. Mwezi Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa siri ndani ya manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, hadi Aden.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kufungishwa ndoa siku moja, na safari ya kwenda Ujerumani ikaanza. Mtoto yule hakufika, alifariki njiani. Mama wa miaka 22 aliingia Hamburg akiwa amempoteza mwana, na bila ya shangazi wala dada wa kumpa mkono wa pole.

Ama kuhusu imani yake, yeye mwenyewe alikiri baadaye kwa maneno yenye uchungu kwamba aliondoka kwao akiwa Mwislamu mzuri, na kwamba Ukristo wake haukupata kuwa mzuri hivyo. Yaliyokuwa moyoni mwake hadi mwisho ni baina yake na Mola wake, wallahu aalam.

Nyumba yao ilikuwa Uhlenhorst, kitongoji kilicho kando ya ziwa la Alster. Tarehe 25 Machi 1868 alizaliwa binti, Antonie. Tarehe 13 Aprili 1869 akazaliwa mvulana aliyebeba jina la babu yake, Rudolph Said. Mwaka mmoja na siku kumi na tisa hivi baina ya mtoto na mtoto! Kila mama anayesoma makala hii anaijua hesabu hiyo maana yake nini: mmoja anajifunza kutembea na kushika kila kitu, mwingine bado hajaweza kuinua shingo, na wote wawili wanalia kwa pamoja. Fedha hazikukosekana, na watumishi walikuwapo. Lakini alipofika hakujua Kijerumani; lugha yake na mumewe mwanzoni ilikuwa Kiswahili, na mume kutwa yuko kwenye biashara yake. Mwanamke aliyezoea milango iliyo wazi na upepo wa bahari sasa alikaa miezi mingi nyuma ya madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya baridi. Hapakuwa na wa kumwambia kwamba homa hii ya mtoto ni ya meno tu, itapita.

Nalinganisha nyumba hii na nyumba nyingine, ya Madina, ambayo nayo ilikuwa na watoto wawili waliofuatana kwa karibu sana. Bibi Fatima (RA), binti ya Mtume (SAW), alimzaa Hassan mwaka wa 3 Hijria na Hussein mwaka wa 4. Nyumba hiyo ilikuwa maskini. Bibi Fatima alisaga nafaka mwenyewe mpaka mikono ikaota sugu, na alipokwenda kwa baba yake kuomba mtumishi hakupewa. Alifundishwa tasbihi, tahmidi na takbiri za kusoma wakati wa kulala. Wengi wetu tunaposimulia kisa hiki hukomea hapo, kana kwamba mafunzo yake ni kuwaambia wanawake wavumilie. Tunasahau yaliyobaki. Nyumba ya baba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwake. Babu alikuja mlangoni akawaita wajukuu. Aliwabeba mabegani, akarefusha sijida kwa sababu mmoja amempanda mgongoni, na siku moja alikatisha hotuba akashuka kwenye mimbari alipowaona wanakuja huku wakijikwaa katika kanzu zao. Imepokewa pia kwamba Ummul Fadhl, mke wa Abbas, alimnyonyesha mmoja wao. Mtumishi hakupatikana katika nyumba ile, lakini Bibi Fatima hakuachwa peke yake na wanawe.

Sasa tutazame mitaani kwetu. Kijana ametoka Rufiji, Kilwa au Tanga, amepanga chumba Mbagala, ameoa. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mama mzazi wa mke anakuja na mkeka wake, anakanda, anapika uji, anahesabu siku. Arobaini ikitimia anapanda basi kurudi shambani. Mtoto wa pili anapokuja, wa kwanza hajaachishwa ziwa, na safari hii bibi hawezi kuja kwa sababu nauli ni ngumu au magoti yamechoka. Mume anatoka alfajiri kuwahi daladala ya Kariakoo na anarudi baada ya isha. Akikuta vyombo havijaoshwa anauliza kwa ukali, umefanya nini kutwa? Sisi tunaoitwa kusuluhisha ndoa tunayasikia maneno haya mara nyingi mno, na kwa maoni yangu nusu ya mashauri hayo si ya talaka hata kidogo. Ni ya usingizi. Mtu aliyeamshwa mara tano usiku, kila usiku, kwa miaka miwili, hajibu kwa upole. Mume anayetaka adabu na ambebe kwanza mmoja kati ya wale wawili, ampeleke barazani, mama yao alale saa moja. Mtume (SAW) alikuwa katika kazi za nyumbani mwake mpaka wakati wa swala unapoingia. Hilo limepokewa kwa Bibi Aisha (RA), na sioni ni mume gani wa Temeke aliye na heshima kubwa kuliko hiyo ya kuogopa kuipoteza.

Tena Qur'ani, katika Suratul Baqara, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na katika aya hiyo hiyo imetaja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi katika jambo la kumwachisha mtoto. Ziwa ni la mama, lakini shauri ni la wote wawili. Salme alizaa mara nne kati ya Desemba 1866 na Aprili 1870.

Mtoto wa nne, Rosalie, alizaliwa tarehe 16 Aprili 1870. Mwezi Agosti mwaka huo, Heinrich Ruete aliteleza alipokuwa akishuka kwenye gari la abiria lililokokotwa na farasi, akaumia vibaya, na tarehe 6 Agosti akafariki dunia. Mjane alibaki na mtoto wa miaka miwili, wa mwaka mmoja, na kichanga ambaye hajatimiza miezi minne. Nchi yenyewe ilikuwa imeingia vitani na Ufaransa wiki chache kabla. Sheria ya Hamburg ya zama zile haikumwachia mjane kusimamia peke yake mali ya watoto, na urithi ule haukumtosha kwa muda mrefu. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Majid naye akafariki Unguja, yule ndugu ambaye kwa maelezo ya Salme hakumwekea kinyongo. Aliyeshika ufalme ni Barghash, na Barghash hakumsamehe.

Mama huyu hakukaa akalia. Aliihama Hamburg, akaishi Dresden, Rudolstadt, Berlin na miji mingine kwa kutafuta maisha yenye gharama nafuu, na akafundisha Kiarabu ili watoto wale. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alisafiri hadi huko kwa matumaini ya kupatana na kaka yake. Waingereza hawakutaka mkutano huo. Sir Bartle Frere alimweka kwenye njia panda: aache kumwona kaka yake, na serikali itaangalia mustakabali wa watoto wake. Watoto walikuwa na miaka 7, 6 na 5. Akachagua watoto. Baadaye ahadi ile haikutimizwa, kwa hoja kwamba mumewe alikuwa Mjerumani na watoto ni wa Ujerumani. Akarudi mikono mitupu, hana ndugu wala msaada.

Ndipo alipoendelea kuandika. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1886 kwa Kijerumani, lakini mwanzo wake hakikukusudiwa kwa wasomaji wa Ulaya. Alikianza kwa ajili ya wanawe, waliokuwa wakijua tu kwamba mama yao ametoka Unguja. Watoto wengine husimuliwa habari za ukoo na bibi yao jioni, wakiwa wamelala mapajani pake. Hawa walipewa karatasi. Ndiyo maana ndani yake mna poda ya mtoto, kitambaa cha kumfungia na sherehe ya arobaini, mambo ambayo wanahistoria wa kiume wa zama zake wasingeyagusa.

Mwaka 1885 aliletwa Unguja pamoja na watoto wake katika msafara wa manowari za Kijerumani, zilizokuwa na shughuli zao za kisiasa. Watu wa mjini walimsalimu kwa furaha mitaani, lakini Barghash hakumpokea. Alikwenda Mtoni akakuta jumba alimozaliwa limekuwa gofu. Alirudi tena mwaka 1888 bila mafanikio, kisha akaishi miaka mingi Beirut. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf pamoja na mumewe, na ndani ya kaburi ukawekwa mfuko wenye mchanga wa Unguja.

Yule mvulana aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja baba yake alipofariki, Rudolph Said, alichapisha kitabu mjini London mwaka 1929. Kinahusu maisha ya babu yake, Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki miaka 13 kabla yeye hajazaliwa.